Miezi minane na flashi ndogo ya kuseti kwa mkono

Flashi hii nilinunua Kampala kwa shilingi 190,000, baada ya ile ya ndani ya kamera kuniangusha kwenye harusi mbili mfululizo. Ni kadude kadogo, kanaingia mfuko wa shati na kanatumia betri mbili za AAA. Otomatiki hakuna. Nyuma kuna vitufe vya kupandisha na kushusha nguvu, kuanzia nguvu kamili hadi 1/64, basi. Namba yake ya mwongozo ni 12. Mimi napiga picha za harusi na kwanjula, yaani sherehe za kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, hapa Busia, upande wa Uganda, na mara nyingi naitwa hadi Tororo na Bugiri. Kamera yangu ni Canon 600D.

Wiki ya kwanza nusura niirudishe dukani. Picha moja inatoka nyeupe pe, inayofuata giza totoro. Nilikuwa nabahatisha, na flashi ya namna hii haibahatishwi, inahesabiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ile 12 ni umbali wa mita ukizidisha kwa f, yaani namba ya tundu la lenzi (namba ndogo, tundu kubwa), kwa ISO 100, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, na nguvu kamili. Mtu akiwa mita 3, gawanya 12 kwa 3, unapata f/4. Ukipandisha ISO hadi 400 namba inakuwa 24. Ukishusha nguvu hadi robo inarudi 12. Kwa hiyo karibu kila kazi naianza hivi: ISO 400, nguvu 1/4, halafu naangalia umbali.

Umbali ndio ulionisumbua zaidi. Nikachukua kamba ya katani, nikaipiga fundo kila mita, nikaifunga mlangoni. Binti yangu akakaa kwenye kigoda pale pale mlangoni, mimi nikawa narudi nyuma fundo kwa fundo. Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, na ilinisaidia, maana hapakuwa na mwanga mwingine wa kunichanganya. Fundo la pili f/5.6, la tatu f/4, la nne f/2.8. Hizo namba tatu nazijua kama nijuavyo nyumbani kwangu. Sasa kamba inakaa begini, nahesabu kwa hatua: nne zangu ni mita tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi tunachelewa kulielewa: kasi ya shata, ile pazia ya kamera inayofunguka na kufunga, haigusi mwanga wa flashi. Flashi inawaka na kuzima upesi kuliko shata yenyewe. Shata inaamua tu mazingira yaonekane kiasi gani. Harusi moja Tororo, giza limeshaingia, hema lilikuwa limepambwa kwa taa za rangi, nami nikapiga kwa 1/200 ya sekunde. Maharusi walitoka vizuri lakini nyuma yao palikuwa peusi kama shimoni. Nikashusha hadi 1/30, taa zote zikatokea, na nyuso hazikubadilika. Kupita 1/200 kwa kamera yangu haifai. Picha inakuja na mstari mweusi.

Picha za familia ndizo zilizonifunza zaidi. Kwenye kwanjula moja nilipanga safu mbili: bwana harusi mbele na kanzu yake nyeupe, mita 2 kutoka kwangu, na ssenga, yaani shangazi, wa bibi harusi nyuma yake, amevaa gauni la gomesi la manjano. Mama yule akaomba kuona picha.

“Mwanangu, mbona kanzu inawaka na mimi nimefifia hivi?”

“Nisamehe, ssenga. Naomba nirudie.”

Alikuwa na haki. Yeye alikuwa mita 3, na pale mwanga unaomfikia ni chini ya nusu ya ule wa mita 2. Kupandisha nguvu kungeunguza kanzu kabisa. Nikarudi nyuma mita mbili, nikafungua f/4, nikaweka nguvu nusu. Sasa wa mbele yuko mita 4 na wa nyuma mita 5, tofauti ya mwanga imepungua sana. Mshono wa kanzu ukaonekana, na uso wa ssenga pia.

Rafiki yangu ana flashi ya kujipimia yenyewe. Ikiona kanzu nyingi inapunguza mwanga, ikiona suti nyeusi inaongeza, kwa hiyo kila picha inatoka kivyake. Za kwangu, watu wakibaki walipo, zinalingana zote, na kuzisafisha kwenye kompyuta kunachukua muda mfupi.

Kasoro zipo. Kichwa hakiinuki, kwa hiyo siwezi kurusha mwanga kwenye hema jeupe ili urudi laini. Kwa nguvu kamili unasubiri taa ndogo ya nyuma ya flashi iwake tena kuonyesha iko tayari, huku tukio linapita. Betri za kuchaji zinafupisha huko kusubiri. Watu wakianza kucheza, umbali unabadilika kila dakika na hesabu inavurugika. Hapo nasimama sehemu moja, nasubiri waje kwenye mita 3 zangu.

Mpiga picha anayeanza namwambia anunue, mradi akubali usiku mmoja wa kamba na mafundo. Mimi nikijaliwa pesa nitaongeza ya pili, yenye kichwa kinachoinuka, kwa ajili ya yale mahema. Hii ndogo siiuzi.