Mashindano ya gofu ya diski kwa wazee mjini Mtwara: tathmini ya huduma

Wastaafu wenzangu na mimi tulikikodi kikundi cha vijana wa hapa Mtwara kituandalie mashindano ya gofu ya diski kwa watu wa miaka 50 na kuendelea. Kazi yao inastahili malipo, kwa sababu waliupanga mchezo kwa kuizingatia miili yetu, badala ya kuchukua mashindano ya vijana na kuyapachika jina la wazee. Kwa asiyeujua mchezo huu, mchezaji hurusha diski ya plastiki mpaka iingie katika kikapu cha chuma chenye minyororo, ambacho Mmarekani Ed Headrick alikibuni katika miaka ya 1970, na anayevimaliza vikapu vyote kwa mitupo michache zaidi ndiye mshindi.

Uwanja ulikuwa shamba la mikorosho mikongwe upande wa Mikindani. Mkorosho hutandaza matawi yake karibu na ardhi, hivyo kivuli chake ni kizuri lakini diski hunasa humo kwa urahisi. Vijana walikuwa wamefyeka njia za kurushia, wakafagia majani makavu yanayoficha mizizi (mzee akianguka hapo, nyonga ndiyo huumia), na wakasimamisha vikapu 9 badala ya 18 vilivyozoeleka katika viwanja vikubwa. Kikapu cha mbali kabisa hakikuzidi mita 70 kutoka mahali pa kurushia, kwa makadirio yangu, na wengi wetu tulikifikia bila kuchoka.

Diski zenyewe zilikuwa nyepesi, chini ya gramu 150, ilhali sheria za PDGA, chama cha mchezo huu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, huruhusu hadi gramu 200. Mkono uliopungukiwa na nguvu huirusha mbali zaidi diski nyepesi, ila upepo wa kusi ulipokolea mnamo saa nne, zilianza kupeperuka. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alirusha vizuri kabisa, upepo ukaigeuza diski yake na kuiweka kwenye panda la tawi, ikabidi kijana apande kuitoa huku akisema, “Shikamoo bibi, hii nakurudishia, lakini mtupo umehesabiwa.” Walipaswa kuleta na diski nzito kidogo, ili kila mchezaji achague kulingana na hali ya hewa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni madaraja ya umri. Walifuata utaratibu wa PDGA, ambao hutenga wenye miaka 50, 60, 70 na hata 80, na huhesabu umri kwa mwaka wa kuzaliwa bila kujali siku wala mwezi. Huku kwetu jambo hilo lina uzito, kwa kuwa wazee wengi wanaujua mwaka waliozaliwa pasipo kuijua tarehe, na hakuna aliyesumbuliwa kwa kudaiwa cheti. Mzee mwenye nguvu aliruhusiwa kujipima na walio wadogo kwake, lakini mdogo hakuruhusiwa kuingia daraja la wakubwa, na hivyo ndivyo haki inavyotaka.

Kasoro kubwa ilikuwa muda. Tuliahidiwa kuanza saa moja asubuhi, tukaanza saa mbili na nusu, na vikapu vya mwisho tukavicheza juani. Makundi yote yalianza kwa pamoja kwa honi, kila moja kwenye kikapu chake, mpango unaofaa kwa kuwa watu humaliza wakati mmoja. Lakini kundi lililopangiwa kikapu kilicho mbali na tulipokusanyika lilitembea mchangani muda mrefu kabla ya kurusha hata diski moja, na njiani hapakuwa na kiti wala maji. Kadi za alama nazo zilichapwa kwa herufi ndogo mno, mpaka tukawa tunaazimana miwani.

Ada ilikuwa shilingi 10,000 kwa mchezaji, pamoja na diski za kuazima, chai na mihogo ya kuchemsha, na kwa bei hiyo sina lalamiko. Atakayewakodi akubaliane nao kwa maandishi kuhusu saa ya kuanza, maji na viti katika kila kikapu cha tatu, na asipange siku ya mnada wa korosho, kwa maana siku hiyo wazee wengi watakuwa kwenye chama cha msingi cha ushirika wakisubiri kusikia bei.