Kabati la Desemba, pesa ya Januari: taslimu au malimbikizo?
Seremala anakabidhi kabati la shilingi 400,000 Desemba 28. Mteja analipa Januari 15. Mapato ni ya mwezi gani?

Kwa hesabu za taslimu, ni ya Januari, hela ilipoingia mkononi. Daftari moja linatosha, mradi salio lilingane na pesa iliyo kwenye droo na kwenye simu. Mama lishe anayelipwa papo hapo, sioni ahangaike na zaidi ya hapo.

Kwa hesabu za malimbikizo, mapato ni ya Desemba, kazi ilipokamilika, na gharama ya mbao na misumari huandikwa mwezi huohuo hata kama muuza mbao bado anadai. Faida inaonekana ilivyo. Ila (hapa wengi huumia) faida ya kwenye daftari hainunui unga kama mteja hajalipa. Unayekopesha wateja, chukua njia hii ya malimbikizo, na uwe pia na daftari la wadaiwa.