Red Rocks: Roki Kati ya Majabali Mawili

Mpenzi wa roki aliyezoea matamasha ya viwanja vya mpira anajua adha yake: wanamuziki unawaona kwenye skrini, na sauti inakufikia imekwisha kugonga zege mara kadhaa. Red Rocks, ukumbi wa wazi ulioko Morrison katika jimbo la Colorado, Marekani, yapata kilomita 24 magharibi ya katikati ya Denver, hauna kasoro hizo. Unazo zake, tena si ndogo, lakini bado ndio ukumbi ambao ningeulipia nauli hata kama sijui ni bendi gani inayopiga usiku huo.

Ukumbi huu ni mali ya Jiji la Denver na huchukua watu wapatao 9,500. Umelazwa kwenye mteremko kati ya majabali mawili mekundu, Creation Rock upande wa kaskazini na Ship Rock upande wa kusini, kila moja likiinuka karibu mita 90, huku jukwaa likiegemea jabali la tatu kule chini. Msanifu wake, Burnham Hoyt, alikuwa na busara ya kutoshindana na mawe. Ulipofunguliwa mwaka 1941, mkono wa binadamu ulikuwa umeongeza ngazi, safu za mabenchi na jukwaa, basi. Kuta zilikuwapo tangu zamani, na juu ya watazamaji paa halipo mpaka leo.

Kukosekana kwa paa ndiko faida yake kuu. Nikiwa nimeketi safu za katikati, ngoma kubwa niliisikia kifuani bila ya kuyameza magitaa, na maneno ya mwimbaji yalifika yakiwa kamili, kwa sababu majabali huizuia sauti isitawanyike pembeni na hakuna dari la kuirudisha. Nilipopanda hadi juu kabisa mambo yalibadilika: upepo ulikuwa ukinyofoa sauti nyembamba, mara zipo, mara hazipo, na besi peke yake ikabaki imara. Safu ni 70 kwa jumla. Kwa maoni yangu, zilizo kati ya 20 na 40 ndizo za kupigania, na kwa kuwa tiketi za maonyesho mengi hazina namba za viti, anayezitaka hana budi kuwahi foleni.

Kutokuwa na paa kuna gharama yake pia. Mnamo Juni 1983, U2 walipiga hapa katika baridi na mvua mbele ya mashabiki waliothubutu kuja, na filamu iliyorekodiwa usiku ule, pamoja na ukungu wake na mienge juu ya mawe, iliwapa sifa ambayo hali nzuri ya hewa pengine isingewapa. Juni 2023 mambo yalikwenda vibaya: mvua ya mawe iliwapiga watu waliokuwa wakisubiri onyesho, makumi wakajeruhiwa na baadhi wakapelekwa hospitali. Kwa hiyo tabiri za hewa zisomwe siku hiyo hiyo, na koti la mvua libebwe hata kama mchana kuna jua kali.

Historia ya roki hapa ina ukali wake. The Beatles walikuja mwaka 1964 na tiketi hazikuisha. Mwaka 1971, watu wasio na tiketi walipambana na polisi kwenye onyesho la bendi ya Jethro Tull, mabomu ya machozi yakarushwa, na jiji likaifungia roki mlango kwa miaka kadhaa.

Ukumbi uko karibu mita 1,970 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi ataona ni kawaida, ila wa Mombasa au Dar es Salaam atahema kwenye zile ngazi na afadhali apande polepole, akinywa maji kwanza na bia baadaye. Mabenchi ni ya mbao na hayana egemeo, hivyo mto mdogo wa kukalia una thamani kuliko fulana ya bendi. Mwenye shida ya magoti aulize mapema kuhusu nafasi za safu ya kwanza na ya 70, ambazo zimetengwa kwa wasioweza kupanda. Na anayekuja kwa gari asiharakishe kuondoka, kwani barabara za kuteremka ni nyembamba na msongamano ni mrefu.