Gemu la kupumzika na ndugu: kabla hujalipa, uliza ufunguo anao nani

Kijiji chetu kimefungiwa Muscat, ndani ya laptopu ya wifi yangu. Wifi namaanisha dada wa mume wangu, siyo ile ya intaneti, ingawa siku hizi zote mbili zinakatika-katika. Tulinunua gemu la kujenga kijiji, kila mtu na lake: mimi Dar, mdogo wangu Mwanza, wifi huko Oman. Hakuna bunduki, hakuna panga. Kila Ijumaa usiku tulijenga huku tukipiga umbea. Nilikuwa na banda la bata, na njia ya mawe niliyoipanga jiwe moja moja mpaka ziwani. Kisha wifi akajifungua mapacha. Laptopu ikaingia kabatini, kijiji kikaingia nayo. Nikifungua gemu nililolilipia kwa hela yangu, naambiwa nianze upya.

Jina la gemu sitalitaja, maana uzembe ulikuwa wangu: sikuuliza dunia yetu, yaani kijiji tulichokijenga, inatunzwa wapi.

Basi leo nawapangia magemu ya kupumzika na ndugu walio mbali, na hicho ndicho kipimo changu, karibu ni hicho peke yake. Picha na muziki mtajionea kwenye video. Mimi nataka kujua hivi: mmoja wetu akilala, akisafiri au akijifungua, wengine wanaingia? Kuna magemu ambayo dunia inakaa kwenye kifaa cha mwenyeji, yule aliyeianzisha. Akizima, wote mko nje. Na kuna ambayo dunia iko kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni isiyozimwa, unaingia saa yoyote. Tangazo litakwambia "wachezaji hadi wanane" halafu linyamaze. Kwa familia iliyotawanyika, hilo la kunyamaziwa ndilo lenyewe.

Nambari moja: Sky: Children of the Light. Napendelea, sifichi. Waliolitengeneza, thatgamecompany, ndio waliotoa Journey mwaka 2012, na hawa watu wanajua kukukutanisha na mgeni bila kukutia hofu. Humo mtu usiyemjua unamwona kama kivuli tu. Unamnyooshea mshumaa, naye akiupokea, sura yake inatokea. Kuandikiana hakujafunguka bado, kwa hiyo hakuna wa kukutukana. Mnashikana mikono mnaruka, na aliyetangulia anambeba wa nyuma. Mama yangu mdogo, ambaye simu kwake ni WhatsApp na mahubiri, aliburutwa mkono na mgeni mpaka juu ya mawingu, akabaki anauliza, "Sasa huyu namlipa nini?"

Humlipi mtu. Kupakua ni bure, kwenye iPhone na Android, na wa simu anacheza pamoja na wa kompyuta. Hela inaingia kwenye mavazi na pasi ya msimu, takriban dola 10, ambayo unaweza kuiacha. Dunia iko kwenye seva, mapacha au si mapacha. Kasoro: bila intaneti halifunguki, na lina uzito wa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku. Na uliunganishe na akaunti siku hiyo hiyo, usicheze kama mgeni halafu simu ikaibiwa.

Nambari mbili: Minecraft, lile gemu la kujenga kwa matofali, ila pamoja na Realm. Ukiweka kiwango cha Amani, mazimwi hayatokei. Realm ni dunia inayokodishwa kwenye seva, takriban dola 8 kwa mwezi kwa mwenyeji na wenzake hadi kumi. Analipa mmoja, wote wanaingia hata yeye akiwa usingizini. Changishaneni kama mchezo wa kina mama, kila mwezi zamu ya mtu.

Nambari tatu: Stardew Valley. Linaniuma kuliweka hapa. Eric Barone alilitengeneza peke yake, likatoka 2016, na kwa dola 15 kwenye kompyuta hakuna shamba tamu kama lile. Mapango yana majoka, lakini kazi ya huko unaweza kumwachia mwenye hasira zake. Nikitoka kwenye foleni ya Mwenge, mimi namwagilia tu. Siku haiishi mpaka wote mlale au ifike saa nane usiku ya humo, kwa hiyo asiyetaka kulala atazomewa na shamba zima. Ila shamba ni la mwenyeji, liko kwake. Mkilichagua, faili la shamba nakilini kila wiki na mtumiane. Kila wiki, nimesema.

Nambari nne: Animal Crossing: New Horizons. Kisiwa kizuri, lakini hesabu: mashine ya Switch ya Nintendo, gemu lenyewe dola 60, halafu dola 20 kwa mwaka ili mtembeleane mtandaoni. Na baada ya yote hayo, mwenye kisiwa asipofungua geti, huingii. Kila mgeni akitua, wote mnasimamishwa mpaka apite uwanja wa ndege.

Kama bajeti ni sifuri, mbali na Sky kuna Hay Day, gemu la shamba la kwenye simu. Mnauziana mahindi na mayai. Inatosha.

Sasa wauzaji. Duka la mtandaoni la Nintendo halina Tanzania, kwa hiyo watu wetu wananunua kadi za vocha mitaani, na hapo ndipo utakapoijua dunia. Unauliza bei chini ya picha, unajibiwa "njoo inbox". Unakwenda inbox, unaulizwa uko wapi, kana kwamba bei inapanda ukiwa Masaki. Mimi niliuziwa kadi ya pauni kwa akaunti ya Marekani. Kadi inafanya kazi nchi yake tu, na muuzaji alilijua hilo. Nilipomrudia akanijibu, "Ikishakwanguliwa hairudi, dada."

Ninayo bado, ya pauni 15, haijatumika. Mwenye akaunti ya Uingereza aje. Bei ni shilingi 50,000, nimeiandika hapa hapa.