Shahada ya Siasa na Uhusiano wa Kimataifa: uzoefu wangu

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita, wengi wao wa michepuo ya HGL na HGK (Historia, Jiografia na lugha), wananipigia simu na swali lile lile: "Dada, hii kozi ina ajira?" Nitalijibu, ila nianze na kozi yenyewe, kwa sababu anayeuliza ajira bila kujua kinachofundishwa humo ndani hata jibu halitamsaidia. Nilisoma chuo cha umma hapa Tanzania, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na leo nikiambiwa nichague upya nitachagua kozi hii hii.

Mwaka wa kwanza ni wa kuvumilia. Ukumbi umejaa mpaka wengine wanaandika wamesimama, na sehemu kubwa ya masomo ni utangulizi: dola ni nini, mamlaka ni nini, Mkataba wa Westphalia wa 1648 na habari za mataifa huru. Unakutana na wanauhalisia wanaosema juu ya serikali za dunia hakuna serikali nyingine, kwa hiyo kila nchi ijilinde, kisha waliberali wanaowajibu kwa biashara na taasisi za pamoja. Ukikariri desa (muhtasari wa masomo tunaopeana wanafunzi) la mwaka uliopita unafaulu vizuri tu. Hilo ndilo tatizo, maana wapo waliofika mwaka wa tatu wanakutajia nadharia zote lakini ukiwapa gazeti la leo hawana la kusema.

Kozi inafunguka mwaka wa pili, kwenye sera ya nje ya Tanzania. Semina ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa juu ya Desemba 1965. Mwezi mmoja kabla, walowezi wa kizungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) chini ya Ian Smith walikuwa wamejitangazia uhuru wao, na nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zikakubaliana kwamba Uingereza isipowazima, wanachama wavunje nayo uhusiano. Tanzania ilivunja kweli. Nchi nyingi zilizokubali azimio lile hazikufanya hivyo. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa, na taifa lenyewe lilikuwa na miaka minne tu tangu Tanganyika ipate uhuru.

Mwalimu wetu alitugawa makundi mawili, moja baraza la mawaziri linalotaka kuvunja, lingine linalotaka kusubiri. Mwenzetu wa kundi la kusubiri alisema heshima haijengi zahanati. Darasa likamuunga mkono, na mimi nikiwemo. Mwalimu akauliza: Kamati ya Ukombozi ya OAU ina makao hapa Dar es Salaam, wapigania uhuru wa Msumbiji na wa nchi nyingine wanatuangalia, je, tukinyamaza kwa sababu ya mkopo, nani kesho atatuamini? Pakawa kimya. Hakutupa jibu, alituambia tukaandike kila upande ungepoteza nini, kwa mwaka mmoja na kwa miaka kumi. Tangu siku hiyo nikisikia serikali yoyote imechukua msimamo, naanza kuuliza nani analipa gharama na lini.

Somo la mashirika ya kimataifa nalo lilinigusa, hasa uchaguzi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa 1981. Mtanzania Salim Ahmed Salim aligombea dhidi ya Kurt Waldheim aliyetaka muhula wa tatu. Baraza la Usalama lina wajumbe 15, na mgombea anahitaji kura tisa bila mwanachama wa kudumu kumpinga. Marekani ikawa inampinga Salim, China ikawa inampinga Waldheim, duru 16 zikapita bila mshindi. Wote wawili wakakaa pembeni, na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Nilikuwa nimesoma maana ya kura ya turufu tangu sekondari, ila kuiona inamzuia mtu wa kwetu, ambaye miaka kumi kabla alikuwa mstari wa mbele China ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, kulinifanya niielewe vingine kabisa.

Mafunzo kwa vitendo niliyafanya mpakani Namanga, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyokamilisha shahada. Darasani tulijua kwamba Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005 na Soko la Pamoja 2010. Pale mpakani nikamwona mama mmoja na magunia yake ya vitunguu anapeleka Kenya. Mzigo wake haukufika dola 2,000, kwa hiyo alistahili cheti chepesi cha uasili wa bidhaa (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi mwanachama), kile kilichowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Alikuwa hajawahi kukisikia. Miaka yote alikuwa akimpa mtu wa bodaboda amvushie mzigo kwa njia za panya, na mara kadhaa ulipotea. Afisa akamwelekeza, fomu ikajazwa, akapita getini kama wengine. Nikaandika utafiti wangu wa mwaka wa tatu juu ya hilo: mkataba uliosainiwa Arusha unamfikiaje mtu ambaye hajui kama upo.

Sasa upungufu. Takwimu zinafundishwa kidogo mno. Unaweza kuhitimu bila kujua kusoma jedwali la biashara kati ya nchi mbili, na hilo ni kosa kubwa kwa mtu atakayeitwa mtaalamu wa uhusiano wa kimataifa. Lugha pia. Tunasema tunaandaa wanadiplomasia, Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki tangu 2022 ina Kongo (DRC) ndani yake na Burundi ilishaingia kitambo, halafu Kifaransa ni somo la hiari la muhula mmoja. Mimi nilijilipia masomo ya jioni kwa kujibana kwenye bumu (posho ya kujikimu ya mkopo), na nashukuru nilifanya hivyo.

Kuhusu ajira: ubalozini hawaendi wengi. Nafasi za maafisa mambo ya nje hutangazwa chache, waombaji ni wengi, na usaili wa maandishi unachuja vikali. Wenzangu wapo kwenye asasi za kiraia, wengine ni watendaji wa kata, mmoja yuko benki, mwingine anaandika habari za kimataifa redioni. Kuna walioongeza stashahada ya diplomasia Kurasini, Dar es Salaam, kwenye kituo kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, na imewafaa. Mimi nafanya kazi na vikundi vya wafanyabiashara wa mipakani, kazi niliyoipata kwa sababu ya ule utafiti wa Namanga. GPA yangu (wastani wa alama za chuo) haikuulizwa hata mara moja.

Kama unapenda kusoma, unaweza kubishana bila kugombana na huogopi kurasa nyingi za Kiingereza kila wiki, njoo. Kama unataka kazi ya uhakika mwezi mmoja baada ya mahafali, nakushauri kwa moyo mweupe uangalie kozi nyingine. Na ukishaamua, usichague chuo kwa jina la shahada. Chukua mwongozo wa kozi, tazama kama kuna sera ya nje ya Tanzania, kama mafunzo kwa vitendo ni ya lazima, kama takwimu zinazidi muhula mmoja, na kama lugha ya kigeni inafundishwa mpaka mwaka wa mwisho. Kikikosa viwili katika hivyo, tafuta chuo kingine kabla dirisha halijafungwa.