Love Me Tonight ya 1932: fundi nguo anafuata deni lake, kasri zima linaimba

Watu wengi ukiwaambia muvi ya nyimbo ya miaka ya thelathini, tena nyeusi na nyeupe, wanajua wanaenda kuona watu wamesimama kama nguzo wanaimba mbele ya pazia. Na kusema kweli nyingi za wakati ule ndo zilivyo, maana sauti ilipoingia Hollywood kamera zilikuwa na kelele ikabidi zifungiwe kwenye vibanda, mwigizaji naye akawa hathubutu kwenda mbali na maikrofoni. Kufika 1930 watazamaji walishazichoka. Sasa mwongozaji Rouben Mamoulian akaja na hii, ya studio ya Paramount, na ukiitazama huwezi kujua kama hayo matatizo yaliwahi kuwepo.

We angalia mwanzo tu. Paris asubuhi, mtaa bado umelala, jamaa anapiga sururu barabarani, mwingine anakoroma, mama anafagia, mafundi viatu wanagonga, na kila sauti inaingia kwa zamu yake kwenye mapigo yaleyale mpaka unashtuka mtaa mzima umegeuka ngoma. Na hapo hajaimba mtu bado! Mi nikishaona kipande hicho huwa siwezi kuizima tena.

Stori yenyewe ni nyepesi. Maurice Chevalier ni fundi nguo, kamshonea masuti bwana mmoja wa ukoo mkubwa (Charles Ruggles) ambaye kulipa halipi, basi fundi anafunga safari mpaka kwenye kasri la ukoo kudai chake, na yule bwana kwa kuogopa aibu anamtambulisha kuwa ni baroni, yaani mtu mwenye cheo cha kikabaila. Humo ndani kuna binti wa kifalme, Jeanette MacDonald, mjane bado kijana kabisa, na mengine unaweza kuyamalizia mwenyewe.

Ila utamu wa hii muvi hauko kwenye stori, uko kwenye jinsi wimbo unavyofanya kazi. Isn't It Romantic? unaanzia dukani kwa fundi, mteja anatoka nao mlangoni, dereva wa teksi anaudaka, abiria wake anaondoka nao kwenye treni, wanajeshi wanaufanya wa kutembelea kwata, Mjipsi (wale watu wa kuhamahama wa Ulaya) anausikia anaukimbiza kambini kwao kwa fidla, na mwisho unamfikia binti mfalme kwenye roshani yake usiku. Yaani hawa watu wawili hawajawahi hata kuonana na tayari wanaimba wimbo mmoja, na wewe hujaambiwa neno lolote la mapenzi, umeshaelewa wanaelekeana. Muvi nyingi za nyimbo hata za siku hizi stori inasimama watu waimbe kisha inaendelea, hii wimbo ndo unaibeba stori mgongoni. Nyimbo ni za Richard Rodgers (muziki) na Lorenz Hart (maneno), kwa hiyo mashairi nayo yana utundu wake.

Vichekesho vimejaa, vingine vya chinichini. Kuna pale binti anaimba Lover huku anaendesha mkokoteni, maneno ya mahaba yanachanganyika na amri za farasi, nilicheka sana. Kuna mawindo ambapo fundi anamlinda paa, halafu wawindaji na farasi wao wanaondoka kwa mwendo wa polepole eti wasimwamshe. Na mwigizaji Myrna Loy jamani! Muda wote anasinzia, uhai unamrudia akisikia habari za wanaume tu, anaiba karibu kila sini aliyomo.

Lawama zipo. Chevalier anatabasamu mno, kuna wakati unatamani apumzike kidogo, na sauti ya juu ya MacDonald kama hujazoea uimbaji wa kiopera itakuchosha. Katikati kule kasrini mambo yanalegea. Ile sini ya daktari anayempima binti siku hizi inakaa vibaya, na Wajipsi wamechorwa kijuujuu tu kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood.

Halafu kuna hili linaloniudhi: kanuni za maadili za Hollywood zilivyokazwa 1934, ikirudishwa kwenye majumba ya sinema ilikatwa, na kipande cha Myrna Loy anaimba wimbo uitwao Mimi (hapa ni jina la mwanamke) akiwa kavaa nguo ya kulalia kikaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo tunachoangalia leo sio yote. Wanabaki wengine wanauimba asubuhi vyumbani mwao, pamoja na mzee C. Aubrey Smith, yule mtawala mkali wa nyumba, na akiimba yeye ndo utajua hili kasri halina mtu mzima hata mmoja.

Mkiitafuta chukueni kopi safi yenye maandishi chini, maana hata maongezi ya kawaida mara nyingine yanakwenda kwa vina, na kwa lafudhi ya Kifaransa ya Chevalier ukitegemea masikio peke yake nusu ya vichekesho vitakupita.