Revolva za kukoki na kidole: ningechukua gani?

Sasa watu wangu, karibuni tena, leo niko nyumbani Nakuru, hapa Section 58, na hiyo kelele mnasikia nyuma ni jogoo wa jirani, mtanivumilia. Hizi picha nilizichukua Arizona nikiwa kwa shemeji, kwa hivyo msianze kuniuliza chuma nimetoa wapi, huku kwetu bila cheti cha Firearms Licensing Board kitu kama hii huigusi.

Mwenye aliuliza ni binamu yangu, amehamia huko juzi na anataka singo akshen ya kutembea nayo porini. Singo akshen ni ile triga yake kazi yake ni moja tu, kuangusha nyundo (kale kachuma ka nyuma unakovuta na kidole), kukoki unakoki mwenyewe na kidole gumba, kila risasi.

Nianze na ya kizamani, Colt ya 1873, ile ya makauboi. Mkononi ni tamu aki, ukivuta nyundo polepole inalia kwa, kwa, kwa, kwa, mara nne, na hiyo sauti peke yake inaweza kukutoa pesa. Lakini ona hii ncha hapa kwa nyundo, hiyo ndiyo pini ya kupiga, so ukijaza matundu yote sita ya silinda, ile ngoma inayobeba risasi, ukashusha nyundo, pini inalala juu ya risasi, na bastola ikikuponyoka ikaangukia jiwe inaweza kulia yenyewe. Ndio maana wenye kuzijua wanabeba tano: unaingiza moja, unaruka tundu, unaingiza nne, unakoki mpaka mwisho, unashusha nyundo pole, inakaa juu ya tundu tupu. Na ile nusu koki, nyundo ikiwa imevutwa nusu tu, msiiamini kama kufuli, kale kajino kanaweza kuvunjika.

Ruger Blackhawk ilitoka 1955 na ilikuwa na ugonjwa huo huo. 1973 wakaleta New Model, ndani wakaweka kachuma kembamba, ukivuta triga kanapanda, ndiko kanapitisha kipigo cha nyundo mpaka kwa pini, ukiachilia triga kanashuka na nyundo haifikii pini hata ukiigonga. Unabeba sita na unalala. Ukiuziwa ya mkono wa pili na uone skrubu tatu ubavuni, hiyo ni ya kabla ya 1973, uliza kama imebadilishwa, kwa sababu Ruger wenyewe wanabadilisha bure.

Halafu springi, na hapa ndipo mimi niliamua. Colt ndani ina springi za bapa, Blackhawk ni za kuzunguka kama za kalamu. Shemeji ana kopi ya Colt, ya nani sisemi, siku ya pili tukipiga makopo silinda ikaanza kuzunguka ovyo, kufungua tukapata kaspringi kadogo kamekatika vipande viwili, na fundi ni mwendo wa masaa mawili, basi tukarudi kunywa chai.

Lakini Ruger nayo inaniudhi. Unafungua kale kamlango ka pembeni, silinda inazunguka, unatoa maganda moja moja, sasa ukipitisha tundu kidogo tu hairudi nyuma, unazungusha round nzima tena, na hapo umevaa glavu, unatukana kimoyomoyo.

Heritage Rough Rider ya .22, hiyo namba ni saizi ya risasi, nitaipitia haraka, ni bei ya chini, ina kiwiko cha seifti hapa kushoto, fremu yake ni aloi ya zinki, ya kujifunza kwa makopo iko sawa, ya porini hapana.

So binamu, chukua Blackhawk ya .357, maana inakula na risasi za .38 Special pia, mazoezi hayatakumaliza mfuko. Saiti yake ya nyuma unairekebisha, Colt ni mfereji tu, ikipiga kushoto utazoea kushoto. Na ukiwa dukani, kabla hujaanza kukoki koki kama mtoto, mwambie mwenye duka afungue kamlango, muangalie matundu yote sita pamoja.